Salamu Zinaanzia Nje ya Mlango

Wadogo zangu wa dawati la akaunti, siku ile ya chai ya kuniaga mliniomba niseme neno, nikasema nina mafua. Sikuwa na mafua. Nilikuwa na mambo mengi mno ya kusema mbele ya keki, na moja lilikuwa la kuniaibisha mimi mwenyewe. Sasa niko nyumbani Mlandege, muda ninao na daftari ninalo, basi someni. Habari za vyeo nitaziruka, maana havikuwa vingi.

Nilianza kazi masjala, wakati chuo chetu kina mashine za kuchapa nyingi kuliko kompyuta. Mimi ni Mnyakyusa wa Mbeya, nililetwa Iringa na ndoa, na siku ya kwanza nilivaa sweta jepesi nikidhani baridi ninaijua. Masjala ilikuwa chumba cha upande usiopata jua. Aliyenipokea ni mkuu wa masjala, Mzee Kihwele, Mhehe mrefu mwenye maneno machache, aliyefunga funguo zote za makabati kwa kamba ya katani kwenye mkanda wa suruali. Ulimsikia anakuja kabla hujamwona, kama ng'ombe mwenye njuga.

"Kamwene," alinisalimu. Nikaitika kwa Kiswahili, kwani Kihehe changu kilikuwa bado. Akanionyesha makabati. "Mama, humu mna watu, usione karatasi. Mtu akija kuulizia habari za mtu, usimfungulie mpaka umjue ni nani na anataka nini."

Kisha akanifanyisha mazoezi. Yeye alijifanya mgeni, mimi karani. Nikashika faili, nikamwuliza kwa adabu zangu zote, "Wewe ndiye Bwana fulani wa Ilula?"

"Ndimi," akajibu. Akaninyang'anya faili. "Umeona? Mimi nilikuwa sijui kama huyo mtu ni wa Ilula. Umenifundisha wewe. Uliza anatoka wapi, halafu unyamaze."

Kuuliza nilijua upesi. Kunyamaza ndiko kulikonishinda. Nimezaliwa katika nyumba ambayo mgeni anasalimiwa mpaka chai inapoa: watoto, wazee, ng'ombe, mvua, na yule shangazi aliyeumwa mwaka juzi. Kwetu ukimwacha mtu kwenye "habari za asubuhi" peke yake, anajua una ugomvi naye. Mzee Kihwele alinisahihisha kwa miaka, na kwa miaka nikawa ninamwitikia "sawa mzee" na kuendelea kuongea.

Kompyuta zilipokuja, nilihamishwa kutoka kwenye makabati kwenda kwenye skrini. Mwanzoni kila idara ilikuwa na mfumo wake na nywila yake. Maktaba moja, bweni nyingine, matokeo nyingine. Walimu wenye shahada tatu waliandika zao kwenye vikaratasi na kuvibandika chini ya kibodi. Nilikuwa nikipita ofisini mwao kwa kisingizio cha kufuta vumbi, ninavikusanya, kisha ninamrudishia kila mmoja chake ndani ya bahasha iliyofungwa. Wengine walinishukuru. Wengine waliandika upya na kubandika palepale.

Ndipo chuo kikaamua kila mtu awe na akaunti moja. Unaingia mara moja kwa nywila moja, na kila kitu kinafunguka: usajili wa masomo, matokeo, bweni, maktaba, barua pepe, hata kadi yako ya zahanati. Mzee Kihwele alikuwa karibu kustaafu. Alikuja kusimama nyuma ya kiti changu, akatazama skrini.

"Kwa hiyo funguo zangu zote zimekuwa ufunguo mmoja?"

"Ndiyo, mzee."

"Na anaushika mwanafunzi mwenyewe?"

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa, akaenda kunywa chai. Nilidhani ni uzee.

Miaka ile ya kwanza adui yetu hakuwa mwizi, alikuwa mtu mwema. Nje ya geti palikuwa na steshenari, na mwenye steshenari aliwasajili wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa mamia, maana wengi walikuwa hawajawahi kushika kompyuta. Alikuwa na daftari kubwa lenye majina na nywila. Nywila zenyewe zilifanana zote, ili asichanganyikiwe. Na pale fomu ilipodai namba ya simu ya kupokea msimbo wa kufungulia akaunti, aliandika ya kwake, kwa wote. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Siku simu yake ilipomtoka mfukoni ikaingia kwenye choo cha shimo, foleni ya dawati letu ilifika ubao wa matangazo.

Wakubwa wakakaa kikao, wakaona simu si za kutegemewa. Wakaja na maswali matatu. Aliyesahau nywila alipaswa kutaja kijiji alichozaliwa, shule ya msingi aliyosoma, na jina la mama yake. Akipatia yote, anapewa nywila mpya, hata kwa simu, na hata kama amepiga dawati la tawi letu la Mbeya badala ya Iringa. Nilikuwa kwenye kikao kile, na nilipiga makofi. Ninalisema hili ili msije mkadhani nilipinga.

Sasa nifike kwa Kabula.

Alikuwa mwaka wa tatu, akisomea ualimu wa hisabati. Kwao ni Usangu, kijiji cha Ubaruku. Ni Wasukuma. Babu yake ndiye aliyeshuka na ng'ombe kutoka kaskazini, na sasa wanafuga na kulima mpunga. Nilimjua kwa sababu alinitii kuliko wanafunzi wote. Niliwaambia wabadilishe nywila, akawa anabadilisha kila mwezi, na kila mwezi anasahau. Alikuja dawatini mara nyingi hadi tukawa kama mtu na shangazi yake. Nilijua mama yake anaitwa Mbuke na mguu unamsumbua. Nilijua baba yake hapendi chai ya maziwa, mfugaji mzima.

Muhula mmoja Kabula alikuwa kijijini kwenye mazoezi ya kufundisha, mahali ambapo mtandao unaupata ukipanda kilima. Asubuhi moja ya ukungu akaja mwanaume kwenye dawati langu. Koti safi, sauti ya chini, mfuko wa mchele begani. Akaniamkia vizuri. Akasema yeye ni ndugu yake Kabula, ametoka Chimala na basi la alfajiri, amemletea mchele, anaomba namba ya chumba anacholala.

Nikamkatalia. Nilimwambia habari za bweni hazitolewi, hata kwa ndugu, aache mzigo nami nitamjulisha mwenyewe. Nilijisikia vizuri sana. Nilijiona Mzee Kihwele mtupu, imebaki kamba ya katani tu.

Lakini mtu ametoka Chimala alfajiri, amenyimwa alichokifuata, na mimi nimwache aondoke mkavu? Nikaona nimfariji. "Pole na safari, baba," nikasema. "Kule Ubaruku hawajambo? Mama Mbuke mguu umepoa? Kabula alinisimulia, nikahuzunika sana." Akaitikia, hajambo, umepoa kidogo. Nikaendelea. Nikamwuliza kama ile shule ya msingi aliyosoma Kabula bado ina mwalimu mkuu yuleyule, kwa sababu aliyekuwa kabla yake ni shemeji yangu, nikaitaja shule kwa jina. Alisikiliza kichwa kimeinama. Sijapata kuhudumia mtu msikivu namna ile. Hakuniuliza swali hata moja.

Akashukuru, akasema mchele atauleta siku Kabula akiwepo, akaubeba akaondoka nao. Hapo tu ningeshtuka. Sikushtuka, nilimwonea huruma kwa uzito wa mfuko.

Wiki kadhaa baadaye, Jumatatu, Kabula akasimama mbele yangu. Alikuwa amerudi kutoka mazoezini siku moja kabla.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umesahau tena?"

"Nywila inanikataa tangu niko kijijini, nikajua ni yale yale yangu, nikaona aibu kukupigia. Lakini mama, jina langu halipo kwenye orodha ya mtihani."

Nikafungua rekodi yake. Iliandikwa kwamba ameahirisha masomo kwa mwaka mzima kwa ombi lake mwenyewe. Barua ya ombi ilikuwepo, imetumwa kutoka barua pepe yake ya chuo, ndani ya akaunti yake. Ilisema anarudi nyumbani kuolewa. Nilimgeuzia skrini akaisoma hadi mwisho, akasoma jina lake pale chini.

"Mimi sijaandika hii," akasema. Hakulia. Afadhali angelia. "Mtihani wa kwanza ni Jumatano."

Nikamwuliza nani angetaka kuandika kitu kama hicho. Akasema yuko mfanyabiashara wa mpunga wa Chimala aliyepeleka posa kwao mwaka uliopita. Kabula alikataa mpaka amalize chuo, na baba yake akamuunga mkono. "Amekuwa akisema chuo kitanishinda tu, nitarudi. Nikirudi mwaka huu bila mtihani, mama, nani ataniamini tena?"

Nikamwuliza huyo mtu yukoje. Akanieleza urefu wake, sauti yake ya chini, koti lake. Alikuwa yule yule wa mfuko wa mchele.

Kumbukumbu za mfumo zilionyesha nywila ilibadilishwa na dawati la Mbeya. Nikampigia Lusekelo, kijana wetu wa kule, mtu makini, wakati huo yuko kwenye mkataba wa muda na mkewe amejifungua juzi.

"Mama Neema, alipiga dada mmoja," akasema. "Nilimwuliza yote matatu. Alijibu bila kusita, hadi jina la mama. Nikajua ni mwenyewe."

Mchana ule mkuu wa kitengo alituita, akatueleza mambo yalivyosimama. Majibu yale matatu hayako popote ila kwa Kabula na kwenye mfumo wetu. Kwa hiyo ama Kabula alimpa mtu siri zake, na kwa kanuni za chuo hilo ni kosa lake na barua inabaki ilivyo, ama mfanyakazi ameziuza, na mfanyakazi aliyegusa akaunti ni Lusekelo. Kamati ingekaa Jumanne asubuhi kuchagua mojawapo. Mimi nilikuwa nimeketi pale na jibu la tatu mdomoni. Nilinyamaza. Miaka yote ile Mzee Kihwele ananiomba ninyamaze, nikaja kujua kunyamaza siku ambayo sikutakiwa.

Niliogopa, sitawadanganya. Niliogopa kuitwa mropokaji na watu walioniita mama wa dawati. Nilipotoka kazini sikwenda nyumbani, nilipita kwa Mzee Kihwele, ambaye alikuwa amestaafu na kujenga huku huku Mlandege. Alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nikaketi kwenye kigoda, nikapukuchua naye, nikamwambia yote.

"Ulimwuliza, halafu ukanyamaza?"

"Sikumwuliza, mzee. Nilimsalimu."

Alitupa gunzi, akachukua hindi jingine. "Basi kawaambie hivyo hivyo," akasema. "Usilipambe."

Jumanne nikasimama mbele ya kamati. Kabula alikuwa mwisho wa meza, na Lusekelo alikuwa amesafiri kutoka Mbeya na suti ya kuazima. Nikasema kwamba Kabula hakutoa siri na Lusekelo hakuuza kitu. Kijiji, shule na jina la mama nilivitoa mimi, kwa mdomo wangu, kwa mtu niliyekuwa nimetoka kumnyima namba ya chumba, naye bila shaka akamtafuta dada wa kupiga simu Mbeya. Mwenyekiti aliniuliza kwa nini nilifanya hivyo. Nikamjibu, "Nilikuwa namsalimu, mheshimiwa." Mjumbe mmoja alicheka, kisha akaona wenzake hawacheki.

Baada ya hapo mambo yalikwenda. Kitabu cha wageni cha getini kilikuwa na jina la yule bwana kwa mwandiko wake, na tarehe. Shule ya mazoezi ikathibitisha kwamba saa barua ile inatumwa, Kabula alikuwa darasani na chaki mkononi. Saa tisa alasiri jina lake lilirudi kwenye orodha. Suala la yule mtu lilipelekwa kunakohusika, na baba yake Kabula alilimaliza upande wa posa kwa namna yake, sikuuliza. Jumatano Kabula aliingia kwenye mtihani. Nilikuwa dirishani nikamwona anapita uwanjani na rula yake, na huko dirishani nililia kidogo, kwa ajili yake na kwa ajili yangu.

Mimi nilipata barua ya onyo. Ipo kwenye faili langu, kabati la tatu, mkiruhusiwa kuisoma. Hamruhusiwi. Lusekelo hakunipigia simu muda mrefu, na alikuwa na haki. Kisha siku moja likaja boksi la parachichi kwa basi kutoka Mbeya, bila barua, na nikajua tumepatana.

Maswali matatu yakaondolewa. Ndipo tukaweka utaratibu mnaoufuata: mtu anakuja mwenyewe na kitambulisho, na msimbo unakwenda kwenye simu iliyohakikiwa kuwa ni yake, si ya steshenari, si ya mchumba, si ya kaka. Mnawaambia wanafunzi wasimpe mtu nywila hata wakipendana, watoke kwenye akaunti kabla ya kuinuka kwenye kompyuta ya maktaba, na ile barua pepe inayosema "akaunti yako inafungwa leo, bonyeza hapa" waifute bila kuijibu. Hayo yote mnayajua kunizidi. La kwangu niliongeza moja, halipo kwenye mwongozo. Ndani ya chumba kile, salamu yangu ikawa "habari za asubuhi" na basi. Habari za nyumbani, za mama, za kijiji, nikazihamishia nje ya mlango.

Iliniuma. Wanafunzi walisema Mama Neema kabadilika, kawa mkavu. Mmoja alisema nimepata cheo.

Siku ya mahafali ya Kabula, walikuja dawatini watatu. Alitaka barua pepe yake ihamishiwe upande wa wahitimu. Baba yake, Mzee Masanja, alikuwa na kofia na fimbo, na mama aliingia polepole kwa sababu ya mguu.

"Mwangaluka, mama," Mzee Masanja akanisalimu kwa Kisukuma, akakaa mkao wa kusubiri salamu ndefu.

"Habari za asubuhi, baba," nikasema, macho kwenye skrini. "Naomba mhitimu ataje jina lake kamili na anipe kitambulisho."

Mzee akamtazama binti yake. Naona alijiuliza kama huyu ndiye mama aliyesifiwa nyumbani kwake. Kabula akacheka. "Baba, subiri. Huyu mama salamu zake zinaanzia nje ya mlango."

Nikamaliza kazi, nikafunga skrini, nikazunguka kaunta, nikatoka nao hadi nje. Pale juani nikaushika mkono wa Mama Mbuke, nikauliza mguu, mpunga, ng'ombe mmoja mmoja, na kwa nini mfugaji mzima hapendi chai ya maziwa. Tulisimama pale hadi foleni ikaanza kukohoa.

Sasa niwaambie la wiki iliyopita, ingawa mmoja wenu analijua. Nilihitaji karatasi kutoka kwenye akaunti yangu ya wastaafu, nikakuta nywila nimeisahau. Mimi. Nikapiga simu dawatini. Akapokea Zawadi, ambaye nilimfundisha mwenyewe kushika kipanya.

"Zawadi, ni mimi, Mama Neema. Sauti yangu unaijua."

"Habari za asubuhi, mama," akasema. Kisha akanyamaza. Nikangoja aulize goti langu, ambalo anajua linanisumbua. Hakuuliza. Nikamwambia nimesahau nywila. Akasema, "Tafadhali fika na kitambulisho."

Nilikata simu nimekasirika kabisa. Nikavaa sweta, nikatafuta kitambulisho kwenye sanduku, nikaenda kwa miguu, goti likinilaumu njia nzima. Alinihudumia kama mtu asiyenijua. Akanitaka nitaje jina kamili, akatazama picha, akanitazama mimi, akanyamaza. Akanipa msimbo, nikaweka nywila mpya huku yeye ameangalia ukutani.

Halafu akafunga skrini yake. Akazunguka kaunta, akanifungulia mlango, tukatoka wote nje, na hapo akapiga goti kidogo akanishika mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama. Goti linaendeleaje?"